Mashine Husafisha Damu, na Moyo Je?

Juma lililopita ukurasa huu ulizungumzia namna ya kuzikinga figo: kupunguza chumvi, kupima shinikizo la damu, na kuacha tabia ya kumeza vidonge vya maumivu ovyo ovyo bila shauri la daktari. Leo tunawageukia wale ambao kinga imekwisha kuwapita, yaani ndugu zetu ambao figo zao zimekufa na ambao damu yao husafishwa kwa mashine. Wamo miongoni mwetu: askari walio kazini, wake wa askari, na wazee waliokwisha kustaafu. Juu ya mashine yenyewe watu husema mengi, na juu ya gharama zake husema mengi zaidi. Lakini kuna jambo moja ambalo husemwa kwa nadra, nalo ni uhusiano kati ya mgonjwa huyo na wauguzi wanaomhudumia, na jinsi uhusiano huo unavyoweza kuuinua moyo wake au kuuvunja.

Shabaha yetu ni moja. Tunataka ieleweke kwamba ukali, ukimya na utoro wa mgonjwa wa mashine mara nyingi si utovu wa adabu, bali ni dalili ya moyo ulioelemewa; na kwamba neno la muuguzi, pamoja na la jamaa nyumbani, ni sehemu ya matibabu kama ilivyo sindano.

SAA 624 KWA MWAKA

Kwa kawaida mgonjwa wa figo zilizokufa huhitaji kuketi kwenye mashine mara tatu kwa juma, saa nne kila mara. Sindano mbili nene huingizwa mkononi. Damu hutoka kwa moja, hupita katika chujio, na hurudi kwa nyingine. Maji yapatayo lita 120, yaliyosafishwa na kuchanganywa na madini, hupita upande wa pili wa chujio hilo katika kila safari ili kubeba taka.

Sasa tupige hesabu. Mara tatu kwa juma, saa nne kila mara, kwa majuma 52, ni saa 624 kwa mwaka. Hizo ni siku 26 nzima, mchana na usiku. Ni nani kati yetu akaaye na ndugu yake wa tumbo moja saa 624 kwa mwaka, ana kwa ana? Hata pale ambapo fedha au mashine hazitoshi, mgonjwa akaenda mara mbili tu kwa juma, bado ni saa 416.

Katika wodi nyingine mtu huingia, hutibiwa, hutoka, na pengine jina la muuguzi hulisahau. Huku sivyo. Mgonjwa na muuguzi hufahamiana kama majirani wa ukuta mmoja. Muuguzi hujua siku ambayo mshahara umechelewa, na mgonjwa hujua siku ambayo mtoto wa muuguzi ana homa. Ujirani wa namna hiyo huzaa upendo, lakini pia huzaa magomvi, maana wanaoonana kila mara ndio wanaogombana.

MGONJWA WA AINA MPYA

Uhusiano huu ni mgeni katika historia ya utabibu. Daktari Willem Kolff wa Uholanzi alitengeneza mashine iliyofanya kazi mwaka 1943, wakati nchi yake ilipokuwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani. Lakini mashine za wakati huo zilikuwa za kumvusha mgonjwa kwa siku chache tu, mpaka figo zake zipate nafuu zenyewe, kwa sababu kila safari ilibidi mishipa itobolewe upya, na mishipa ya mwili ina hesabu yake. Mwezi wa Machi 1960, mjini Seattle, Marekani, Daktari Belding Scribner alimwekea mgonjwa aitwaye Clyde Shields mrija wa kudumu mkononi, ili mashine iunganishwe mara kwa mara bila kuharibu mishipa. Bwana Shields aliishi miaka 11 zaidi.

Tangu siku hiyo alizaliwa mgonjwa wa aina mpya, ambaye haponi wala hafi, bali huishi kwa kurudi. Haikupita miaka mingi madaktari wakaona kwamba uhai huo una uzito wake. Mwaka 1971 Daktari Harry Abram na wenzake huko Marekani waliwatahadharisha madaktari wa akili kwamba kujiua, pamoja na kuacha matibabu kwa makusudi, ni hatari ya kweli miongoni mwa wagonjwa wa mashine. Kwa hiyo jambo hili si geni wala si udhaifu wa Mwafrika au wa askari. Lilionekana kule kule mashine ilikoanzia.

WALIOHAMA KUIFUATA MASHINE

Kwetu sisi umeongezeka mzigo mwingine. Kwa miaka mingi wengi wa watu wetu wenye maradhi makubwa walitafuta tiba Khartoum. Vita vilivyolipuka huko tarehe 15 Aprili 2023 vilivifanya vituo vingi vya kusafisha damu visimame, kwa kukosa umeme, dawa, vichujio na watumishi. Mgonjwa wa mashine hawezi kungoja vita viishe. Akikosa huduma kabisa, sumu na maji hujaa mwilini, na mauti humfika katika siku au majuma machache. Wengine wetu wameifuata mashine Kampala, ambako hospitali ya serikali ya Kiruddu inajulikana kwa kazi hiyo, na wengine Nairobi. Barabara ya Juba hadi Nimule ni kilomita 192, na baada ya hapo bado Kampala iko mbali. Mgonjwa wa kurudi mara tatu kwa juma hana budi kuhamia huko na kupanga chumba.

Yafaa tutambue anachopoteza mtu huyo. Hahami hospitali tu. Anamwacha muuguzi aliyejua ni sehemu gani ya mkono sindano huingia bila tabu, aliyejua kwamba katika saa ya tatu shinikizo lake la damu hushuka, na aliyejua kwamba akinyamaza ghafula basi kichwa kinamzunguka. Huko aendako ataanza upya mbele ya wageni, pengine kwa lugha asiyoimudu vizuri. Muuguzi ampokeaye mgonjwa wa namna hiyo na akamwona mkaidi, na aulize kwanza: huyu ametoka wapi, na amemwacha nani?

MAMBO YA MIZANI

Ugomvi mkubwa kati ya muuguzi na mgonjwa huanzia kwenye mizani. Figo zilizokufa hazitoi mkojo wa kutosha, kwa hiyo maji yote anayokunywa mtu hubaki mwilini mpaka mashine iyatoe. Kila lita moja ni kilo moja. Kabla ya kuketi, mgonjwa hupimwa uzito, na mizani haijui kuficha siri.

Tumchukue, kwa mfano tu, sajenti mmoja mwenye umri wa miaka 50. Anapanda mizani, na muuguzi kijana anapaza sauti mbele ya wagonjwa wengine: “Kilo nne tena! Si tulikuambia usinywe maji? Wewe unataka kufa?” Sajenti hajibu. Anaketi, anageuza uso ukutani, na kwa saa nne hasemi neno. Safari ifuatayo haji. Katika daftari huandikwa: mtoro.

Muuguzi yule hakusema uongo. Kutoa kilo nne kwa saa nne ni kazi ya hatari; shinikizo hushuka, misuli hukaza kwa maumivu, na moyo hutaabika. Alisema kweli, lakini aliisema mahali pabaya na kwa namna mbaya. Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kwamba mtoto anayeaibishwa mbele ya darasa hajifunzi hesabu. Hujifunza kutokuja shule. Mtu mzima ni hivyo hivyo, tena zaidi.

Zaidi ya hayo, kabla ya kulaumu yafaa kuuliza. Hapa Juba, miezi ya Februari na Machi, joto hufikia nyuzi 38 na kupita, na kiu si jambo la mzaha. Chumvi huzidisha kiu, na samaki wa chumvi yumo katika mboga zetu. Tena kwetu chai ni heshima: mgeni asiyekunywa chai huonekana amewadharau wenyeji. Basi mazungumzo yangeweza kuwa hivi, kwa sauti ya chini, kando ya mizani:

“Karibu, Mzee. Maji yameongezeka safari hii. Hebu nieleze, juzi na jana zilikuwaje?”

“Binti yangu, tulikuwa na matanga. Nilikaa na wazee kutwa nzima, na chai ilikuwa inapita.”

“Pole kwa msiba, Mzee. Hukuweza kuikataa, naelewa. Safari nyingine pokea kikombe kimoja kidogo, ukishike mkononi, unywe polepole mpaka mwisho wa maongezi. Na nyumbani mwombe mama apunguze chumvi, kiu itapungua.”

“Hilo naliweza.”

Ukweli wa kilo nne haukufichwa. Lakini mgonjwa ameondoka na jambo la kufanya, badala ya kuondoka na aibu. Wahenga walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Basi hayashindwi kumrudisha sajenti kwenye kiti chake.

CHEO NA KITI

Kwa askari na polisi kuna tabu nyingine ambayo raia hawaijui. Mtu aliyezoea kutoa amri kwa miaka 20 au 30 sasa huketi mkono ukiwa umefungwa kwenye mirija, akingoja amri ya binti mwenye umri wa mwanawe wa mwisho. Huambiwa aketi, asisogee, asile ndizi, asinywe. Akikasirika kwa jambo dogo, kama vile kucheleweshwa dakika kumi, hasira ile si ya dakika kumi. Anaomboleza kupotewa na mamlaka juu ya mwili wake mwenyewe.

Dawa yake si kumwogopa wala kumshusha. Ni kumrudishia sehemu ya mamlaka ile. Muuguzi amwite kwa heshima anayoizoea, iwe Afande, Janabu au Mzee. Amweleze kila hatua kabla ya kuifanya. Amwachie uchaguzi pale uchaguzi unapowezekana. Ampe daftari aandike mwenyewe uzito wake, shinikizo lake na saa zake. Askari mzuri hupenda kumbukumbu zilizo safi. Naye mgonjwa mwenye cheo akumbuke kwamba mashine haipigi saluti. Kuruka foleni kwa sababu ya nyota begani ni kumnyima mwenzake saa za uhai, na huwatia wauguzi katika woga unaoharibu kazi.

Kadhalika kuna sauti ya kengele ya mashine. Hulia mrija unapojikunja, shinikizo linapobadilika, au umeme unapokatika. Mara nyingi ni jambo la kurekebishwa kwa muda mfupi, na umeme ukikatika wauguzi wanaweza kuirudisha damu mwilini kwa kuzungusha pampu kwa mkono. Lakini mtu aliyepita katika milio ya risasi ya Desemba 2013 na Julai 2016 huenda mwili wake ukaruka kabla akili haijafikiri. Neno moja, “Ni mrija tu, Mzee, nauona,” lamtuliza kuliko kidonge. Muuguzi anayezima kengele bila kusema neno humwacha mgonjwa na vita vyake peke yake.

SONONA SI KUKOSA USHUJAA

Tafiti za nchi nyingi zinakubaliana kwamba kiasi cha mgonjwa mmoja katika kila wanne au watano wa mashine ana sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Ni vigumu kuutambua kwa sababu hujificha nyuma ya ugonjwa wa figo wenyewe. Uchovu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya chakula huweza kuletwa na sumu iliyobaki katika damu, au na upungufu wa damu. Kwa hiyo daktari aelezwe yote ili apambanue.

Lakini zipo dalili zinazosema zaidi. Mtu huacha kufurahia alichokipenda, kama vile redio, mpira au wajukuu. Husema kwamba yeye ni mzigo. Huanza kukosa zamu za mashine bila sababu ya maana, au hula na kunywa alivyokatazwa kama asiyejali. Hugawa mali zake na kuaga watu. Hali hiyo ikidumu majuma mawili, si jambo la kungoja.

Na inatibika. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 120 wa mashine waliokuwa na sonona. Kundi moja lilipewa dawa iitwayo sertralini, na kundi jingine lilipewa mazungumzo ya tiba na mtaalamu, mgonjwa akiwa ameketi pale pale kwenye mashine. Baada ya majuma 12 makundi yote mawili yalikuwa na nafuu. Dawa ilitangulia kidogo, lakini ilikuwa na madhara mengi zaidi. Kwetu sisi hapo pana fundisho, kwamba zile saa nne za kuketi zaweza kuwa saa za tiba ya moyo pia.

Hapana haja ya kujidanganya kwamba wataalamu ni wengi. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International liliripoti kwamba nchi yetu nzima ilikuwa na madaktari wawili tu wa magonjwa ya akili, na kwamba Hospitali ya Mafunzo ya Juba ilikuwa na vitanda 12 kwa wagonjwa hao. Mahali penye uhaba wa namna hiyo, sikio la kwanza ni la muuguzi wa mashine, na la pili ni la mke au mume. Kuuliza “Je, umewahi kufikiri kwamba ni afadhali ufe?” hakumpandikizii mtu wazo hilo. Aghalabu humpa nafasi ya kulitua. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, na daktari ajulishwe siku ile ile.

Hapa tunasema na familia za askari na polisi waziwazi. Katika nyumba yenye mgonjwa aliyekata tamaa, bunduki isilale humo. Irudishwe ghalani kwa njia ya kamanda, kimya kimya na kwa heshima, bila kumfedhehesha mwenyewe. Kamanda mwenye busara atalichukua jambo hili kama ulinzi wa askari wake, sawasawa na kumpa kofia ya chuma.

MUUGUZI NAYE NI MTU

Tusisahau upande wa pili. Muuguzi wa mashine huwazoea watu kwa miaka, kisha asubuhi moja hukuta kiti kitupu. Kiti hicho lazima kipanguswe na mwingine aketi kabla ya saa mbili. Hakuna matanga kazini. Naye pia mshahara wake huchelewa, na nyumbani wanamtazama yeye. Muuguzi akianza kuwa mkavu kama ubao, pengine si roho mbaya, bali amezika wengi bila kulia.

Kwa hiyo wakuu wa vituo wawape watumishi wao muda wa kukaa pamoja, japo dakika chache kwa juma, wamtaje aliyefariki na waseme lililo moyoni. Na wagonjwa waliobaki waambiwe ukweli kwa upole. Wao wanakiona kiti. Wakifichwa, kila mmoja hujihesabu kuwa ndiye afuataye.

Pia ujirani una mipaka yake. Muuguzi asikope kwa mgonjwa wala asimkopeshe. Asiwe na mgonjwa kipenzi ambaye hupewa kiti kizuri daima. Siri aliyoisikia saa ya tatu isiwe hadithi ya saa ya nne. Zawadi ya embe kutoka shambani ni shukrani, lakini zawadi inayonunua zamu ni rushwa.

NYUMBANI TUFANYE NINI?

Jamaa wengi humgeuza mgonjwa kuwa mfungwa: kila kikombe huhesabiwa, kila tonge huchunguzwa. Nia ni njema, lakini mtu anayechungwa mchana kutwa hutafuta njia ya kutoroka. Ni afadhali nyumba nzima ipunguze chumvi, maana itawafaa wote, kuliko kumpikia yeye peke yake sufuria ya upweke. Ndizi na vyakula vingine vyenye potasiamu nyingi vyaweza kuusimamisha moyo wake. Lakini aelezwe sababu, asinyang'anywe kama mtoto.

Aachiwe kazi anayoiweza. Asimamie masomo ya watoto, ashike hesabu za nyumba, aulizwe shauri katika mambo ya ukoo. Mtu anayeulizwa shauri hajioni mzigo. Na siku za mashine, ndugu wapeane zamu ya kumsindikiza, maana mkono mmoja haulei mwana, wala haumuuguzi mzee. Ayasindikizaye maradhi haya peke yake, ambaye mara nyingi ni mke, naye hatimaye huugua moyo.

Mwisho, ndugu mgonjwa unayesoma ukurasa huu ukiwa kwenye kiti: siku unayojisikia kutokwenda ndiyo siku ya kumwambia mtu. Mwambie muuguzi, “Leo nimechoka kuishi hivi.” Kusema hivyo si kuvua cheo. Wazee wetu waliona mbali waliposema heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumzia vyakula vya mgonjwa wa figo vinavyopatikana katika masoko yetu ya Konyo Konyo na Custom, na namna ya kuvipika.